Manukuu ya Kiswahili kwa Usemi wa Kivunjo: Suala la Nafasi, Muda na Maana

1.0 Utangulizi

Kilema imo katika eneo la Vunjo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako Kivunjo, mojawapo ya lahaja za Kichaga, hutumika sambamba na Kiswahili. Mzee wa huko anaporekodiwa kwa video akizungumza Kivunjo, mtazamaji asiyeifahamu lahaja hiyo hutegemea manukuu, yaani maandishi yanayojitokeza chini ya picha. Makala hii inadai kwamba kuyapanga manukuu hayo katika programu ya kuhariri video ni kazi ya kiisimu, wala si ya kifundi tu.

2.0 Umbo la Manukuu

Manukuu ni ya aina mbili: ya kudumu, ambayo hugandishwa ndani ya picha, na fiche, ambayo mtazamaji huweza kuyawasha au kuyazima. Manukuu fiche aghalabu huhifadhiwa katika faili la pekee. Katika faili la SRT, kila kipande huwa na nambari, muda wa kuanza na wa kwisha, kisha matini. Kwa ajili ya viziwi, sauti zisizo maneno, kama vile kicheko, nazo huandikwa. Kwa desturi mistari haizidi 2. Mistari 2 iliyojaa, yenye herufi 37 hivi kila mmoja, hukaa kwa sekunde 6. Kasi hiyo ni takriban herufi 12 kwa sekunde.

3.0 Mfano wa Kivunjo

Katika uchambuzi wao wa mwaka 1990, Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha kwamba kitenzi cha Kichaga huweza kubeba viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja. Kwa mfano, neno *näïkìmlyìïà* lina *-kì-* ya chakula na *-m-* ya mtu anayeliwa chakula hicho kwa faida yake. Kitenzi cha Kiswahili hukubali kiambishi kimoja tu cha yambwa. Mhariri akiandika "Anamlia", chakula kinapotea. Tena msomaji huweza kudhani kwamba mtu anatoa machozi, kwa kuwa *-lia* ni kauli ya kutendea ya *-la* na pia ni kitenzi cha kilio.

Iwapo anayezungumziwa ni mke, maana hukamilika hivi:

Anakula chakula hicho
kwa ajili ya mkewe.

Neno 1 limekuwa maneno 7, nayo yahitaji zaidi ya sekunde 3. Basi mhariri hana budi kurefusha muda wa kipande hicho hadi kwenye kimya kinachofuata, badala ya kupunguza maana. Aidha, mstari umekatwa kabla ya "kwa", ili kirai kisivunjwe.

4.0 Hitimisho

Manukuu fiche yana faida moja kubwa: video moja huweza kubeba mikondo kadhaa. Inafaa mkondo wa kwanza uwe wa Kivunjo chenyewe, chenye msimbo wa kimataifa *vun*, na wa pili uwe wa Kiswahili. Faili lihifadhiwe kwa usimbaji wa UTF-8, la sivyo alama za toni juu ya irabu huweza kuharibika. Pasipo mkondo wa kwanza, tafsiri ndiyo itakayosomwa na vizazi vijavyo kana kwamba ndiyo kauli ya mzee, na kosa la mhariri litakosa pa kusahihishiwa.