Bunduki ya Upepo Iliyopungua Nguvu: Tutafute Ufa Kwanza

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali zuri darasani: ikiwa bunduki ya upepo haina baruti, nguvu yake hutoka wapi? Na kwa nini nguvu hiyo hupungua bunduki inapozeeka? Kipindi hakikutosha kulijibu, basi naona yafaa nilijibu hapa. Jibu lake lina mafundisho ya fizikia. Tena lina njia ya kutafuta kasoro ambayo humfaa mtu hata katika pampu ya baiskeli, jiko la pampu, au bomba la kunyunyizia dawa shambani.

Kwanza, onyo. Bunduki ya upepo si kitu cha kuchezea. Risasi yake yaweza kutoboa jicho, na imewahi kuua watu. Asiishike mtu ila yule anayeruhusiwa na sheria, na mwanafunzi asiiguse pasipo mkubwa wake kuwapo. Asiyejua sheria aulize kituo cha polisi kabla ya kuwa nayo.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Nasema habari za ile aina ambayo mtutu wake hukunjwa. Mtu akiukunja mtutu kuelekea chini, mkono wa chuma husukuma pistoni nyuma ndani ya silinda, na springi nene hubanwa mpaka ishikwe na mtambo. Hapo bunduki imekokiwa. Risasi hutiwa nyuma ya mtutu, kisha mtutu hurudishwa mahali pake. Kidole kikivuta mtambo, springi huachiliwa, pistoni hukimbia mbele, na hewa iliyo mbele yake hubanwa katika nafasi ndogo mno. Hewa hiyo hupita katika tundu dogo, ikasukuma risasi nje.

Basi ni pampu ya baiskeli, ila badala ya mkono wako ni springi. Mambo mawili ndiyo yanayotawala hapa. La kwanza ni hewa: Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba hewa ikipunguziwa nafasi, kani yake ya kusukuma huongezeka. La pili ni springi: Robert Hooke, aliyewahi kuwa msaidizi wa Boyle, alieleza mwaka 1678 kwamba springi hurudisha kani kwa kadiri inavyovutwa au kubanwa. Kila ugonjwa wa bunduki hii umo katika mojawapo ya mambo hayo, au katika njia ya risasi yenyewe.

KUPUNGUA NGUVU MAANA YAKE NINI?

Nishati ya risasi ni nusu ya uzito wake mara mwendo wake mara mwendo wake tena. Tuchukue risasi ya nusu gramu iendayo mita 240 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 14.4. Sasa mwendo ukipungua hata kufika nusu, yaani mita 120 kwa sekunde, nishati haiwi nusu, bali robo: jouli 3.6 tu. Tena tukiacha upinzani wa hewa, risasi ya kwanza ikifika mita 20 itakuwa imeshuka kama sentimeta 3.4, na ya pili sentimeta 13.6. Ndiyo sababu mwenye bunduki dhaifu hulalamika kwamba inapiga chini. Naye anayeitumia kuua panya wa ghalani atawajeruhi tu wakafie mbali kwa maumivu, jambo ambalo si la kiungwana.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Mwaka jana mzee mmoja jirani yangu, mwenye kibali, aliniletea bunduki yake. "Mwalimu," akasema, "hii imezeeka kama mimi. Fundi amenitilia springi mpya, nimelipa, na bado haina nguvu." Nikamwambia, "Mzee, tusimlaumu mtu kwanza. Tuipime."

Vipo vyombo vya kupimia mwendo wa risasi, lakini sisi tulitumia mche wa sabuni. Tuliuweka mbele ya lundo kubwa la udongo laini, pasipo mtu wala mnyama nyuma yake, tukavaa miwani ya kukinga macho. Mzee akapiga risasi 5 kutoka mahali pamoja, nasi tukapima kina cha kila tundu kwa kijiti na rula, tukatafuta wastani, tukauandika. Usipige ubao mgumu wala jiwe, kwa maana risasi hurudi. Shika na kanuni hii: badili jambo moja tu, kisha pima tena. Ukibadili matatu kwa pamoja, hutajua lipi lililoponya.

MAHALI PA KUTAFUTA KASORO

Tuanze nje twende ndani, na tuanze na kilicho rahisi tumalize na kilicho ghali.

1. Risasi. Saizi zinazotumika sana ni milimeta 4.5 na milimeta 5.5. Risasi ya kawaida iko wazi nyuma kama kikombe, na hewa huutanua ukingo wa kikombe hicho ukabana kuta za mtutu. Ukingo ukibonyea, au risasi ikiwa inalegea, hewa hupita kando yake bure. Jaribu risasi nzima za kopo jingine.

2. Mtutu. Risasi na uchafu hubaki ndani kidogo kidogo. Hakikisha bunduki haikukokiwa wala haina risasi, kisha pitisha kitambaa safi mpaka kitoke cheupe.

3. Kiungo cha mtutu. Mtutu ukifungwa hukutana na silinda, na hapo pana washa ndogo ya ngozi au ya mpira. Ikiwa imekatika au imebonyea, hewa huvuja pale. Weka ukanda wa karatasi nyembamba juu ya kiungo hicho, kisha piga shabaha kama kawaida. Karatasi ikiruka, hewa inavuja. Dawa yake ni washa mpya ya saizi ile ile. Pengine hata kipande cha karatasi kilichowekwa chini ya washa chatosha kuiinua. Angalia pia skrubu ya bawaba: ikilegea, mtutu haukai sawasawa.

4. Ngozi ya pistoni. Katika bunduki nyingi za zamani pistoni ina ngozi kama ya pampu. Ngozi ikikauka hunywea, na hewa hupita kando yake. Matone 2 au 3 ya mafuta yanayofaa katika tundu la hewa, kisha bunduki isimamishwe kwa kitako usiku kucha, huilainisha. Bunduki nyingi za siku hizi zina washa ya plastiki, nayo haitaki mafuta hayo.

Hapa wengi hukosea, hudhani mafuta mengi ni nguvu nyingi. Hewa ikibanwa ghafula hupata joto kali, na mafuta mepesi huwaka ndani yake. Hiyo ndiyo kanuni ya injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu huko Ujerumani mwaka 1897. Ukisikia mlio mkubwa na harufu ya moshi, usifurahi. Mlipuko huo huiharibu washa na kuivunja springi.

5. Springi. Ikichoka hufupika, na kukoki huwa kwepesi kuliko zamani. Ikivunjika, utasikia mkwaruzo wakati wa kukoki. Huchoshwa zaidi na mtu anayeiacha bunduki imekokiwa kwa saa nyingi. Kufyatua pasipo risasi nako ni kubaya, kwa kuwa hakuna kinachozuia hewa isitoke upesi, na pistoni hugonga mwisho wa silinda kwa kishindo.

Kazi ya springi ni ya fundi anayeijua. Hata bunduki isipokokiwa, springi imebanwa ndani, na mtu akiifungua bila kifaa cha kuishikilia itaruka na kumuumiza. Tena mtutu uliokunjwa ushikwe kwa mkono wakati wote wa kutia risasi, na kidole kiwe mbali na mtambo. Mtutu ukijifunga ghafula huvunja vidole.

ILIKUWAJE KWA MZEE?

Tulibadili risasi, kina cha matundu hakikubadilika. Tukasafisha mtutu, kikaongezeka kidogo sana. Tukaweka karatasi juu ya kiungo: ikaruka kama kipepeo! Washa ilikuwa imepasuka upande mmoja. Fundi alitia springi mpya, nayo ilisukuma hewa vizuri sana, ila hewa ikatokea pembeni. Tulipata washa mpya, ndogo kuliko pete ya kidole, na wastani wa kina katika sabuni ukawa karibu mara mbili ya ule wa kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee alikuwa amekwisha kulipia ukuta, na ufa ungalipo. Springi haikuwa na kosa, wala fundi hakuwa mwizi; kilichokosekana ni kupima kabla ya kununua. Pampu yako ya baiskeli isipojaza, usikimbilie kununua nyingine. Tazama mpira wake, tazama ngozi yake, sikiliza hewa inatokea wapi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Risasi ya gramu 0.5 inakwenda mita 180 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli ngapi?

2. Kwa nini springi mpya haiponyi bunduki ambayo washa yake imepasuka?

3. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma mara 20 upesi. Gusa bomba lake. Eleza unachohisi, na sababu yake.