Faili ya Miamala Yako Ibaki Mikononi Mwako, Isibaki Saiba

Tuseme una duka la leso Biashara Street, hapa Mombasa, na unataka mkopo wa kuongeza mzigo. Sacco yako inadai stetimenti ya pesa za simu. Unaipokea kwa barua pepe, unaingia saiba moja Mji wa Kale, unachapisha, unaondoka na karatasi zako. Na ile faili je? Usipoifuta, imebaki kwenye kompyuta, na atakayeketi hapo baada yako anaweza kuikuta.

Stetimenti huja imefungwa kwa nambari ya siri, na wengi wetu huona hiyo yatosha. Lakini kufuli hulinda mlango uliofungwa. Ukimtajia mhudumu nambari, au ukihifadhi nakala iliyofunguliwa, ulinzi umekwisha.

Ndani mna majina ya waliokulipa, kiasi, tarehe, saa na salio lako. Tapeli akiipata hana haja ya kubahatisha. Atakupigia, akutajie muamala wa kweli wa jana, umwamini, kisha aombe PIN.

Tena si siri zako peke yako. Yale majina ni ya wateja wako. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mfanyabiashara alinde taarifa za watu anazoziweka.

Basi fanya hivi:

1. Uliza wanataka miezi mingapi. Wakitaka 3, usitoe mwaka mzima.
2. Nambari ya siri ibonyeze mwenyewe. Ikibidi kumpa afisa wa mkopo, mpigie simu. Usiitume pamoja na faili.
3. Kabla ya kutoka saiba, futa faili kwenye Downloads, futa tena kwenye Recycle Bin, kisha ufunge barua pepe yako. Ulitumia WhatsApp? Shika simu yako, ingia Linked devices, uiondoe kompyuta ile.
4. Hesabu za duka ziko kwenye Excel? Funga faili nzima kwa nenosiri. Kuficha ukurasa si kuufunga. Anayejua Excel ataufichua mara moja.

PIN yako haimo kwenye stetimenti, na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza. Mtu akikusomea miamala yako yote bila kukosea kisha akataka PIN, kata simu.