Shujaa Wangu Haaminiki

Swali: Naandika hadithi za mashabiki kuhusu msichana mwenye nguvu za ajabu, lakini wasomaji wanasema hawamwamini. Nakosea wapi?

Jibu: Huenda umempa kila kitu isipokuwa shida. Msome Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, shujaa wa katuni za Marvel aliyepata jarida lake mwaka 2014. Ni binti wa familia ya Kipakistani huko Jersey City, Marekani, na yeye mwenyewe huandika hadithi za mashabiki kuhusu kundi la mashujaa la Avengers. Anapopata uwezo wa kubadili umbo, kwanza anageuka Carol Danvers, shujaa wa nywele za dhahabu anayemhusudu. Kumbe buti zinabana, na nywele zinamsumbua usoni! Hapo mwandishi G. Willow Wilson hunishika kabisa: nguvu zenyewe zimefichua jinsi msichana huyu asivyoridhika na sura yake. Na nyumbani wazazi wanamngoja, maana alitoroka usiku kwenda kwenye sherehe.

Kabla ya pambano lijalo, basi, mpe msichana wako mtu anayeogopa kumuudhi. Nguvu zake zimgharimu kitu: usingizi, masomo, urafiki. Kisha mwache akosee, na kosa hilo limfuate sura mbili tatu bila mtu wa kumwokoa.