Wakazi wa Mizizini: Mafunzo Niliyopata kwa Udongo wa Kisauni

Konde yangu iko Mwakirunge, pembe ya Kisauni ambako bado mtu anaweza kulima akiwa ndani ya mipaka ya Mombasa. Napanda kunde, pojo, mbaazi na mahindi, na karibu na kisima mchicha na mnavu. Udongo wangu ni kichanga. Mvua ya asubuhi ikipita, jioni unashika mchanga mkavu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, Pembe ya Afrika ilipitiwa na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na sisi wa pwani tuliionja. Ni katika kipindi hicho nilipoanza kufuatilia kwa dhati bakteria wa udongoni, wale wanaokaa ndani ya mizizi au kando yake wakausaidia mmea kula na kuvumilia kiu. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye kipande cha ardhi upande huu wa pwani.

1. Chimbua kunde moja kabla ya kununua chochote

Kunde zikianza kutoa maua, chagua mche mmoja, uchimbue kwa jembe ukiuzungukia. Usiung'oe kwa mkono, maana unachotaka kukiona kitakatika kibaki ardhini. Osha mizizi polepole ndani ya ndoo. Utaona vinundu vimeshikamana ubavuni mwa mizizi, na ukivigusa vinabanduka kwa urahisi. Uvimbe usiobanduka, ule ambao mzizi wenyewe umefura, ni kazi ya minyoo wa mizizi na huo ni ugonjwa. Watu wengi huvichanganya viwili hivi, wakaichoma mimea iliyokuwa na afya tele.

Sasa pasua kinundu kwa ukucha. Ukikuta wekundu ndani, bakteria wako kazini. Wekundu huo unatokana na protini iliyo jamaa ya ile inayoipa damu yetu rangi, na kazi yake ni kuizuia oksijeni isikiharibu kimeng'enya kinachonasa naitrojeni. Kinundu cheupe hakifanyi kazi bado au hakitafanya kabisa. Cha kijani kimezeeka.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, lakini hakuna mmea unaoweza kuila ikiwa katika hali hiyo. Bakteria hawa wanaweza kuibadilisha, wakaupa mmea, nao mmea ukawalipa sukari. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao kutoka vinunduni mwaka 1888. Wanaoikalia kunde huitwa Bradyrhizobium, na udongo wa Afrika, nyumbani kwa kunde, umejaa wao. Ndiyo maana kunde zangu zilikuwa na vinundu vyekundu hata kabla sijajua kwamba bakteria huuzwa dukani. Kwa pojo, kwenye kipande kilichokuwa kimeachwa miaka mingi, mizizi ilikuwa mitupu. Konde moja, hali mbili. Hilo halikuonekana kwa kutazama majani.

2. Ushahidi mkubwa uko Bamburi

Watu wa Kisauni tunapita Haller Park kila siku na wageni tukiwapeleka kuona viboko na twiga. Wachache wanajua kwamba msitu ule umesimama juu ya kazi ya bakteria.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba mwamba wa matumbawe. Kilichobaki nyuma yake kilikuwa mashimo mapana, meupe, yasiyo na udongo, yenye jua la kuunguza na maji ya chumvichumvi karibu na sakafu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Tatu tu ndizo zilizostahimili, na mmoja ukawa ndio mhimili wa kazi yote: mvinje, ule ule unaojipanga kwenye fukwe zetu na kukatwa nguzo za kujengea.

Mvinje si jamii ya kunde, lakini nao una vinundu mizizini. Humo hukaa bakteria wa aina nyingine, Frankia, anayenasa naitrojeni ya hewani na kuufanya mvinje uote mahali ambapo miti mingine hufa njaa. Kuotesha tu hakukutosha. Majani ya mvinje yaliyoanguka yalirundikana bila kuoza, kwa kuwa yana tanini nyingi, na rutuba ikabaki imefungwa. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna majani hayo, akawaleta kwa mamia. Jongoo walikula, kinyesi chao kikashambuliwa na bakteria wengine, na udongo mweusi ukaanza kujijenga juu ya mwamba. Baada ya hapo ndipo miti mingine ilipopata pa kushika. Mwaka 1987 Haller alipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Mimi nilifundishwa jambo hili la mvinje na mzee mmoja mwenye kitalu, ambaye nilienda kwake kununua miche ya mvinje ya kukinga upepo. Nilimwona akichanganya kwenye mifuko yake udongo wa rangi tofauti.

"Mzee, huu mchanga mwingine umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Chini ya mvinje mkubwa, mwanangu. Mche wa mvinje ukiupanda kwenye mchanga mgeni unadumaa. Sharti uuchanganyie mchanga wa mama yake."

Mzee huyo anahamisha Frankia kwa mikono yake, na miche yake inasitawi. Namtaja kwa heshima kwa sababu mara nyingi tunadhani elimu hii iko Nairobi au ng'ambo peke yake.

3. Pakiti ina jina la zao, na jina hilo lina maana

Kenya ilianza mapema kazi ya kuwatayarishia wakulima bakteria. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha vijidudu vya udongo huko Kabete, kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Huko ndiko ilikotoka Biofix, pakiti ya bakteria wa kupaka mbegu, ambayo sasa hutengenezwa na kampuni ya MEA ya Nakuru. Bakteria wamewekwa ndani ya tope lililokaushwa la viwanda vya sukari. Kinachoonekana kwa macho ni unga mweusi tu.

Pakiti ya maharagwe haiisaidii pojo. Kila jamii ya mikunde ina bakteria wake, na ukikosea, mmea hauwapokei. Mwuzaji akikuambia "hii ni ya mikunde yote", mwombe akuonyeshe maandishi. Angalia na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha angalia pakiti ilipokuwa imekaa: ikiwa ni kwenye rafu iliyo dirishani, inapopigwa na jua la mchana, iache hapo hapo.

Namna ya kutumia ni nyepesi. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye gundi au sukari, nyunyiza unga, geuza mpaka kila mbegu ipate weusi, ianike kivulini kwa muda mfupi, kisha panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie mara moja. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya kuua ukungu inaweza kuwaua bakteria hao kabla hawajagusa ardhi.

4. Hawaleti maji, wanaupunguzia mmea mshtuko

Hapa ndipo maneno mengi ya uongo yanapouzwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mmea ukikosa maji hutoa gesi iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha ndizi zilizofungiwa mahali pamoja. Ikiwa kidogo, ethilini ni onyo. Ikizidi, mizizi huacha kurefuka, maua na majani hupukutika, na mmea unajizeesha kabla kiu chenyewe hakijauua. Sehemu kubwa ya hasara tunayoiita ukame ni mmea kujifunga mapema. Wapo bakteria wa mizizini wenye kimeng'enya kinachovunja malighafi ya gesi hiyo kabla haijawa gesi. Bernard Glick wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa kina. Mwaka 2004 yeye na wenzake wa Israeli walichapisha jaribio la nyanya na pilipili zilizopewa bakteria kutoka bonde kavu la Arava. Miche hiyo ilipoteza maji sawa na mingine, lakini ilipomwagiliwa tena ilinyanyuka vizuri zaidi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kabla ya kununua chupa ya dawa ya ukame. Msaada uko katika kunyanyuka. Kwa sisi wenye mvua ya vuli inayonyesha wiki moja, ikakatika, ikarudi, huo ni msaada wa kweli. Kwa msimu usio na mvua kabisa hauna cha kuokoa.

Njia nyingine ni ute. Bakteria wengi hutoa ute unaoshikanisha punje za mchanga kuzunguka mzizi, na ute huo hushika unyevu. Kwenye kichanga cha Likoni au Utange, ambako maji hupita moja kwa moja, ute ni mali. Wengine, kama Azospirillum ambao Johanna Döbereiner aliwatafiti sana huko Brazili, hutoa homoni zinazouchochea mzizi wa mahindi kutoa matawi mengi, na mzizi wenye matawi hufika kwenye unyevu ambao mzizi mfupi haufiki.

Lakini vinundu vya kunde vyenyewe ni vidhaifu mbele ya kiu. Udongo ukikauka, unasaji wa naitrojeni hupungua mapema sana. Kwa hiyo anayetaka bakteria wamkinge na ukame ana kazi ya kuwakinga wao kwanza.

5. Kivuli cha ardhini kinashinda pakiti

Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, jaribu kusimama peku kwenye mchanga mtupu saa saba mchana. Bakteria wa vinundu wengi huanza kuteseka joto likikaribia nyuzi 40, na mchanga ule unapita hapo. Mimi hutandaza makuti yaliyochakaa, makumbi ya nazi, mabua ya mahindi na nyasi, na chini yake samadi iliyooza. Pwani hatuna uhaba wa vitu hivi, tunavichoma. Kila moshi unaopanda asubuhi kwenye viwanja vya Mishomoroni na Mtongwe ni chakula cha udongo kinachopotea, na jambo hilo linaniuma.

Upande wa Changamwe, Chaani na Miritini, udongo ni mzito, hutuamisha maji masika na kupasuka kiangazi. Huko kinachowanyonga bakteria ni kukosa hewa. Matuta na mboji husaidia kuliko kumwagilia zaidi. Na wote wenye visima karibu na bahari waonje maji kabla ya kumwagilia, kwa kuwa chumvi huwadhuru bakteria wengi na mmea pia.

6. Yuria nyingi huwafukuza

Kunde ikipewa naitrojeni ya bure haina sababu ya kuwalipa bakteria sukari, hivyo vinundu huwa vichache au hakuna. Inachohitaji ni fosforasi, na mchanga wetu mara nyingi hauna ya kutosha. Majivu, samadi ya kuku na mbolea yenye fosforasi vitasaidia zaidi ya gunia la yuria.

7. Acha mistari michache bila kitu

Watafiti waliopima bidhaa zaidi ya 60 za bakteria zinazouzwa walikuta nyingi zina vijidudu visivyoandikwa kwenye lebo, na kadhaa hazikuwa hata na wale walioandikwa. Hapa Kenya pia kulikuwa na mradi mkubwa ulioanza 2009 wa kuchunguza bidhaa kama hizo, na bakteria wa mikunde walikuwa miongoni mwa chache zilizoonyesha faida ya kuaminika.

Ndiyo sababu kila msimu naacha mistari kadhaa bila kupaka, katikati ya konde, kwenye udongo ule ule. Naipanda hiyo kwanza, ili mikono yenye unga wa bakteria isiiguse. Kwa kunde sijaona tofauti ya maana, nami sinunui tena pakiti ya kunde. Kwa pojo kwenye kile kipande kilichoachwa, tofauti ilionekana kabla hata ya maua: mistari iliyopakwa ilikuwa ya kijani kibichi, ile mingine ya manjano, na mizizi ilipochimbuliwa ikasema vivyo hivyo.

Sasa pakiti ya pojo tunainunua watu kadhaa kwa pamoja, maana ikishafunguliwa haifai kuwekwa. Tunakubaliana siku, mvua ya kwanza ya kutosha ikishalowesha ardhi. Kila mmoja huja na mbegu zake, tunazipaka chini ya mwembe wa jirani, na kabla ya saa nne asubuhi kila mtu yuko kondeni kwake anafukia.