"Mali ikishauzwa hairudishwi": Je, ni kinga kwa muuzaji wa injini?

Ndugu msomaji, ukinunua kifaa cha gari jijini Dar es Salaam, iwe Gerezani au katika vibanda vya Tandika na Mwenge, mara nyingi utakuta chini ya risiti maneno haya: mali ikishauzwa hairudishwi. Wauzaji wengi wanaamini kuwa maneno hayo yamewamalizia kazi mbele ya mteja na mbele ya Mola wao. Je, ndivyo?

Tuangalie kwanza mali yenyewe. Vijana wetu wa Kinondoni na Temeke wanapenda gari zenye nguvu: Subaru yenye tabo, au Mark II iliyobadilishwa injini. Injini hizo ni mtumba wa Japani. Chukua ile ya Toyota inayosifiwa sana, 2JZ-GTE. Ilitengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002. Maana yake, iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 20, na hakuna ajuaye ilikimbizwa vipi. Aibu yake haionekani kwa macho. Injini huoshwa ikang'aa, ikatiwa oili nzito ili kuzima moshi na kelele. Tabo lenye shafti inayocheza hufutwa oili iliyovuja, likawekwa juu ya meza kama zima.

Sasa chukua mfano wa kijana wa Mbagala aliyechanga fedha zake miaka miwili. Wiki ya pili injini inanoki. Anarudi dukani, anaonyeshwa risiti. Nani mwenye haki?

Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha ikabainishwa kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wa Mtume. Zingatia: mfanyabiashara yule hakusema uongo. Alinyamaza tu. Na oili nzito ndani ya injini mbovu ni nafaka kavu juu ya iliyolowa.

Ama sharti la kutorudisha mali, wanazuoni wamekhitalifiana. Wanazuoni wa Hanafi wanakubali kuwa muuzaji anaweza kujivua dhamana ya aibu ikiwa mnunuzi ameridhia. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo humkinga muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama tu, tena ambayo hakuijua. Injini si mnyama. Na wote wamekubaliana kuwa kuficha aibu unayoijua ni haramu. Hivyo wino wa risiti haufuti dhambi.

Imam Abu Hanifa mwenyewe alikuwa muuza nguo mjini Kufa. Imepokewa kuwa mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumweleza mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana aliko. Imam alitoa sadaka fedha zote za mauzo yale. Yeye ambaye madhehebu yake yana wepesi, hakuutumia wepesi huo kuficha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, muuzaji aseme anachokijua: injini ilifunguliwa, gasketi ilibadilishwa, tabo linavuja. Auze kwa bei inayolingana na hali hiyo.

Pili, mnunuzi apime kabla ya kulipa: kompresheni ya kila silinda, na shafti ya tabo kwa mkono. Afungue kifuniko cha oili. Akikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanachanganyika na oili. Akigundua aibu baadaye, asiendelee kuitumia gari, arudi haraka. Kwa Shafii, ukichelewa bila udhuru au ukaendelea kutumia, haki ya kurudisha inaanguka.

Tatu, fundi anayempeleka mteja dukani ni wakili wake. Kupokea "cha juu" kwa siri kutoka kwa muuzaji, kisha kuisifu injini, ni khiyana.

Nne, tuulize mali imetoka wapi. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, na ukibadili injini unatakiwa kutoa taarifa ili kadi irekebishwe. Injini iliyokwanguliwa namba iogopwe kama moto, maana huenda ni machozi ya mwenzako aliyeibiwa.

Ndugu yangu muuzaji, mteja atatoka Gerezani na kuingia Kilwa Road, ukimuaga kwa tabasamu. Hatakuona tena huenda. Lakini Mwenye kuona ndani ya silinda hahitaji risiti.

Wabillahi tawfiq.