HARAMBEE ISIISHE MGONJWA AKIRUDI NYUMBANI
Somo la kikundi: kumtunza aliyefanyiwa operesheni ya Chiari



Sisi watu wa vijijini ni hodari kwa harambee. Jirani akihitaji operesheni tunauza kuku, tunauza mbuzi, tunachangisha kanisani na sokoni mpaka pesa zinatosha. Siku ya kurudi kwake tunaimba, tunakunywa chai, halafu kila mtu anarudi shambani kwake. Lakini kuna operesheni ambazo hatari yake haiishi siku hiyo ya chai. Mojawapo ni ile ya ugonjwa wa Chiari (tunatamka Kiari). Haionekani sana vijijini, lakini ikifika kwa jirani yenu, wiki za kwanza nyumbani zinaweza kuokoa maisha au kuyapoteza. Tena mengi ya somo hili yatawafaa hata kwa operesheni nyingine za kichwa na mgongo.

1. UGONJWA WENYEWE

Jina linatokana na Hans Chiari, daktari wa mji wa Prague aliyeandika juu ya ugonjwa huu mwaka wa 1891. Fuvu la kichwa lina tundu upande wa chini, pale ubongo unapoungana na mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka mgongoni. Kwa mwenye Chiari, sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma imeteremka na kubana tundu hilo, kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Maji yanayozunguka ubongo na mgongo hayapiti vizuri. Kwa wengine maji hujikusanya ndani ya ule mshipa mkuu wa mgongo na kuuharibu polepole.

Mgonjwa huumwa kisogo na shingo, hasa akikohoa, akipiga chafya, akicheka au akijikaza chooni. Wengine hufa ganzi mikononi, huyumba wakitembea, au hupaliwa na chakula. Mara nyingi mtu huzaliwa na hali hii ingawa dalili zinaweza kuchelewa mpaka ujana au utu uzima. Si uchawi, wala si laana ya ukoo.

Katika operesheni, daktari hukata kipande kidogo cha mfupa wa kisogo, na mara nyingi sehemu ya nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo, ili ubongo upate nafasi. Mara nyingine hufungua pia ngozi ngumu inayofunika ubongo na kushonea kiraka.

2. MAMBO YA KAWAIDA NA MAMBO YA HATARI

Maumivu ya shingo, shingo kukakamaa, kuchoka upesi na kichefuchefu kidogo siku za kwanza ni vya kawaida. Vinapaswa kupungua wiki hadi wiki. Vikizidi badala ya kupungua, hapo kuna jambo.

Mpeleke mgonjwa hospitali SIKU HIYO HIYO, bila kungoja tarehe ya kliniki, mkiona:

- Maji meupe kama ya kisima yanatoka kwenye kidonda au puani, au mto wa kulalia unalowa. Hayo si jasho. Yanaweza kuwa maji ya ubongo, na njia yanayotokea ndiyo njia ambayo viini huingilia.
- Kidonda kinatoa usaha, kimekuwa chekundu, au kuna uvimbe laini unaoongezeka chini yake. Msiutoboe wala kuukamua.
- Homa, shingo ngumu, macho kuumizwa na mwanga.
- Kichwa kinachouma zaidi kila siku, pamoja na kutapika au usingizi mzito. Maji yanaweza kuwa yamejaa kichwani.
- Kupaliwa, sauti kukwaruza, au pumzi kukatika akilala.
- Mkono au mguu kulegea, kifafa, au kushindwa kuzuia haja.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana ghafla. Damu inaweza kuwa imeganda.

Kidonda kikitoa maji, kifunikeni kwa kitambaa safi na kikavu, basi. Msitie pamba ndani, wala majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya miti. Na mtu yeyote asimkande wala kumnyonga shingo, hata kama ni fundi wa mifupa anayesifiwa wilaya nzima.

3. HOMA SI MALARIA SIKU ZOTE

Hapa ndipo wengi wanaweza kupotea. Mgonjwa anapata homa na kichwa kinauma. Jirani anasema ni malaria, mwingine anasema ni taifodi. Vidonge vinanunuliwa dukani, siku tatu zinapita. Kumbe ni homa ya uti wa mgongo, na hiyo haingoji siku tatu.

Pimeni malaria, ndiyo. Lakini neno la kwanza mkifika dispensari liwe hili: "Huyu alifanyiwa operesheni ya kichwa tarehe fulani." Waonyesheni kovu na barua ya kutoka hospitali. Waombeni wapigie simu hospitali iliyomfanyia operesheni. Dispensari haiwezi kutibu jambo hili, lakini inaweza kuanza msaada na kuandika barua ya rufaa upesi. Hata malaria ikipatikana, bado daktari aambiwe habari ya operesheni, kwa maana mtu anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

4. KAZI ZA NYUMBANI

Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mzigo wa kuni unaofungwa kamba na kuvutwa kwa paji la uso unaelemea shingo ile ile iliyokatwa. Kwa hiyo mgonjwa asibebe maji, kuni wala mtoto mzito, asilime, asipige nguo za kulowa, mpaka daktari amruhusu. Kwa kawaida ni kuhesabu wiki nyingi, si siku. Safari ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo pia ingoje. Kutembea kidogo kidogo uani ni vizuri, kwa maana kulala siku nzima hudhoofisha mwili.

Choo kigumu ni adui. Akijikaza, msukumo unapanda kichwani. Dawa kali za maumivu huleta choo kigumu. Basi apewe maji ya kutosha, sukuma wiki, papai, maharagwe. Kikohozi kitibiwe mapema. Dawa za hospitali asiziache ghafla bila kuuliza, na za dukani asiongeze bila kuuliza. Pombe na dawa za usingizi asiguse, kwa sababu zinaweza kudhoofisha pumzi usiku.

Mwenye ganzi mikononi anaweza kushika sufuria ya moto asisikie kitu. Mpeni kazi ya mbali na jiko, au ashike kwa vitambaa vinene. Maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine. Kila jioni aangalie vidole kama vina malengelenge au kidonda.

5. MTOTO MWENYE MGONGO WAZI

Watoto wengi waliozaliwa na mgongo wazi wana pia Chiari, na wengi wamewekewa mrija wa kutoa maji kichwani. Mrija ukiziba, dalili za Chiari zinaweza kurudi: anapaliwa akinyonya, anapumua kwa kelele, analia kwa sauti dhaifu. Kwa mtoto mchanga tazameni pia utosi uliovimba, kichwa kinachokua upesi, na macho yanayoelekea chini. Msingoje. Mwambieni daktari kwamba ana mrija, kwa sababu huo ndio unaochunguzwa kwanza.

6. MAUMIVU YAKIBAKI

Tuseme ukweli. Operesheni hii mara nyingi hupunguza maumivu ya kisogo na kuzuia ugonjwa usiendelee. Lakini mshipa wa fahamu ulioharibika miaka mingi hauponi wote. Ganzi inaweza kubaki. Wengine huhitaji operesheni ya pili.

Sasa fikirieni mama wa namna hiyo. Kovu limefunikwa na kitambaa, uso umenawiri, lakini mtungi habebi. Maneno yanaanza: "Tulichanga pesa zetu, mbona bado anajilaza?" Maneno hayo yanaweza kumvunja mama kuliko ugonjwa. Akiyasikia ataficha dalili, atabeba kuni, na siku ya hatari atanyamaza. Mume, mama mkwe na watoto waelezwe mapema, mgonjwa akiwapo, kwamba kupona ni safari.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI

a) Kabla mgonjwa hajatoka hospitali, wanakikundi wawili waende na familia waulize: dalili gani za kuangalia, simu ya nani ya kupiga, kliniki ni lini. Yaandikwe.
b) Karatasi zote na picha za MRI ziwekwe katika mfuko mmoja, mahali panapojulikana na watu watatu.
c) Pangeni zamu ya maji, kuni na kulima kwa wiki sita za kwanza, kisha mwangalie tena.
d) Mweka hazina atenge pesa za usafiri wa dharura, zisiguswe kwa jambo lingine. Mwenye gari ajulikane mapema, na mpango wa usiku uwepo.
e) Angalieni kama familia imeandikishwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama michango imelipwa. Ulizeni hospitali ni huduma zipi zinalipiwa.
f) Mhudumu wa afya wa kijiji amtembelee, naye asome orodha ya dalili.

TAFAKARI

Someni Luka 10:25-37. Msamaria hakufunga vidonda akaondoka. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamtunza usiku, akaacha pesa kwa mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kurudi kulipa gharama zitakazoongezeka. Alijua kwamba gharama zinaweza kuongezeka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtu wa mwisho tuliyemchangia operesheni, ni nani alimtembelea mwezi wa pili?
2. Mgonjwa akizidiwa saa nane usiku hapa kwetu, tutamfikishaje hospitali? Nani atalipa?
3. Ni maneno gani tunayosema ambayo humfanya mgonjwa afiche maumivu yake?
4. Katika harambee ijayo, tutatenga kiasi gani kwa ajili ya siku za baada ya hospitali?

Katibu aandike majibu ya swali la 2 na la 4, na yasomwe tena katika mkutano ujao.