Somo: Tujifunze kwa Wakulima wa Mwani wa Unguja

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni akina mama. Maji ya bamvua yanapokupwa huingia baharini na kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Kwa fedha hizo wengi wamesomesha watoto.

Miaka ya 2000 majaribu yalikuja. Bahari ilizidi joto, na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikawa inafia kambani. Ilibaki spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo.

Akina mama hawa walifanya nini? Waliendelea na spinosamu, lakini hawakutegemea tena kuuza mwani mkavu peke yake. Huko Kidoti na Paje vikundi vilijifunza kuusaga na kuuchanganya na mafuta ya nazi kutengeneza sabuni. Jambiani, wengine walijifunza kuogelea wakiwa watu wazima ili wafuge sponji.

Tunajifunza kuwa tumaini si kusubiri bei ipande. Ni kukaa pamoja, kutazama kilichobaki mkononi na kukiongezea thamani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ni zao gani limetuangusha kijijini kwetu?
2. Tumebakiwa na nini, na kwa nini tunakiuza kikiwa ghafi?
3. Nani kati yetu anaweza kutufundisha?